Shampiona za rali: ni nyingi kupita kiasi?

Kenya iko na shampiona yake ya rali, Uganda pia iko na yake, tena kuko ile ya Afrika nzima, chini ya FIA. Ni nyingi sana? Ubaya hauko kwenye hesabu. Uko kwenye mfuko wa dereva asiyelipwa: mafuta, matairi, vipuri na kuvusha gari mpaka, vyote anajilipia. Kila shampiona ikitaka mbio zake peke yake, madereva wanagawanyika, na kila upande magari yanabaki machache.

Dawa iko: mbio moja, hesabu mbili. Pointi za Pearl of Africa ya Uganda zimekuwa zikihesabiwa kwa taifa na kwa Afrika pamoja. Huku Kasongo na Kabambare, anayetaka kuanzisha kombe jipya la mpira aangalie mfano huo kwanza.