Mlevi Anayetetemeka Mahabusu

Mtu aliyekamatwa usiku wa Jumamosi akiwa amelewa chakari, akaandikwa kitabuni na kufungiwa katika chumba cha mahabusu, kwa kawaida huamka Jumapili na kichwa kizito, akaomba maji ya kunywa, na jambo likaishia hapo. Lakini yuko mwingine ambaye hali yake hugeuka. Jumapili hiyo hiyo mikono huanza kumtetemeka, jasho humtoka ijapokuwa hakuna joto, moyo humwenda mbio na usingizi humkataa. Huenda akaanguka kifafa, hali hajapata kuanguka kifafa maishani mwake. Ifikapo Jumatatu usiku au Jumanne huona wadudu ukutani, huzungumza na watu wasiokuwapo, na hupigana na askari wanaojaribu kumshika. Askari wa zamu aliyechoka huweza kudhani kwamba mtu huyo anajifanya kichaa ili aachiliwe, au kwamba amepandwa na pepo. Kumbe mtu huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe unaweza kumuua.

Kinachomwangusha si pombe aliyokunywa, bali ile aliyoikosa. Pombe ni breki ya ubongo. Mtu anywaye kwa wingi kila siku kwa miaka, ubongo wake hujizoeza kufanya kazi huku breki imeshikwa, kama dereva anayekanyaga mafuta kwa nguvu ili gari lisonge mbele licha ya breki. Siku breki inapoachiliwa ghafla mguu ungali juu ya mafuta, nalo gari huruka. Kutetemeka huanza saa chache baada ya tone la mwisho. Kifafa, kwa wale wanaokipata, huja ndani ya siku 2 za kwanza. Na kuweweseka, ambako ndiko kubaya kuliko yote, huanza kati ya siku ya 2 na ya 4. Zamani, kabla ya dawa za kisasa, waliofikia hatua hiyo ya mwisho walikufa kwa wingi. Siku hizi, wakitibiwa mapema, walio wengi hupona.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaagiza kwamba mshukiwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kabla ya saa 48 kupita. Kwa hiyo muda ule ambao mtu yuko mikononi mwa polisi ndio ule ule ambao mwili wake unaweza kuchafuka kwa kukosa pombe. Maswali mawili tu ya kaunta, yaani mtu huyu hunywa kila siku au la, na mara ya mwisho alikunywa saa ngapi, yakiandikwa pamoja na majibu yake, humsaidia daktari kuliko maelezo marefu yanayotolewa baadaye, wakati mgonjwa hawezi tena kusema la maana.

Dawa yenyewe si ngeni. Ni diazepamu, ambayo hushika ile breki upya kwa upole na kupunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wa kudumu hupungukiwa nayo kwa kuwa hunywa badala ya kula. Yafaa vitamini hiyo itangulie maji ya sukari ya mshipani, kwa maana sukari ikitangulia, ubongo uliokwisha dhoofika huweza kudhurika na kumbukumbu kupotea. Dawa hizo ni za kutolewa na mganga, wala si askari mwenye huruma. Diazepamu ikimezwa juu ya pombe ambayo bado iko mwilini yaweza kuzima pumzi.

Hapa ndipo tofauti baina ya mlevi na mraibu inapoonekana. Kila mraibu wa pombe huwahi kulewa, lakini si kila aliyelewa ni mraibu. Mwaka 1976 madaktari wawili, Griffith Edwards wa London na Milton Gross wa Marekani, walieleza dalili za hali hiyo kwa utaratibu: kiasi cha kileo huzidi kuongezeka ili kilete athari ile ile, mwili hutetemeka asubuhi, na glasi moja hutuliza, kunywa hutangulizwa mbele ya kazi, chakula na watoto, na mtu akiacha kwa miezi kisha akaanza tena, hurudi haraka katika hali aliyoiacha. Tangu hapo wataalamu wengi wameuchukulia uraibu kuwa ni ugonjwa wenye njia yake inayojulikana, kama vile malaria ilivyo na njia yake, ingawa huu huanza kwa hiari ya mtu mwenyewe. Hoja hiyo ya hiari ndiyo inayowakera makamanda wengi, nao hawana makosa kabisa. Lakini mtu huyo hapungukiwi na nia tu: mwili wake haumruhusu kuacha kwa amri ya gwaride la asubuhi.

Uganda haikuanza jana kupambana na kileo. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilikataza kutonesha pombe kali bila leseni, na enguli ya wanavijiji ikatakiwa iuzwe kwa kiwanda chenye leseni, kiisafishe na kuitia chupani kwa jina la waragi. Mitambo ya vichakani haikukoma. Mwezi Aprili 2010, katika wilaya ya Kabale na jirani zake, watu zaidi ya 80 walikufa kwa kunywa waragi iliyochanganyika na methanoli, sumu ambayo hupofusha macho kabla ya kuua. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko vya plastiki, vile ambavyo Watanzania waliviita viroba na kuvikataza mwaka 2017. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2004, liliweka Uganda juu ya orodha ya nchi zote, kwa makisio ya lita 19.47 za alikoholi halisi kwa kila mtu mzima kwa mwaka. Taarifa ya mwaka 2018 ilikisia lita 9.5. Pengo hilo halithibitishi kwamba Waganda wamepunguza kunywa kwa nusu. Huonyesha zaidi jinsi ilivyo vigumu kuhesabu tonto, malwa na waragi zinazopikwa nyuma ya nyumba.

Heroini ina tabia nyingine. Mtu akiikosa huumwa mifupa, hutapika, huharisha na kulia kama mtoto, hali ambayo vijana wa pwani huiita arosto. Mateso hayo ni makali, lakini kwa nadra sana humuua mtu mzima aliye na afya, mradi apewe maji ya kutosha. Hatari yake iko mbele: mfungwa aliyekaa miezi kadhaa bila heroini huwa amepoteza ule uzoefu wa mwili, na akitoka gerezani akatumia kipimo chake cha zamani, pumzi hukatika. Ndiyo maana siku za kwanza baada ya kuachiliwa huua wengi kuliko zile za kukamatwa. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwezi Mei 2023 kwa sababu akidi ya Bunge haikuwa imetimia ilipopitishwa, na mwaka huo huo Bunge likapitisha nyingine. Sheria huja na kurekebishwa. Arosto haingojei kikao.

Kwa ugonjwa wa heroini iko methadoni, dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, ambayo hukaa mwilini kwa saa 24 bila kumpandisha mtu wala kumwangusha, ili aweze kufanya kazi na kulala nyumbani kwake. Tanzania ilianza kuitoa katika Hospitali ya Muhimbili mwezi Februari 2011. Kenya ikafuata mwishoni mwa mwaka 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Uganda ilianza mwaka 2020, katika Hospitali ya Butabika.

Butabika ilifunguliwa mwaka 1955 mashariki ya Kampala, na ndiyo hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili. Sadfa ya ramani imeiweka katika tarafa ile ile ya Nakawa yenye gereza kuu la Luzira na viwanda vya pombe vya Port Bell, hata mtu angeweza kupitia vyote vitatu katika siku moja bila kutoka nje ya tarafa. Hospitali hiyo ina kitengo chake cha walevi na watumiaji wa dawa za kulevya. Kuusafisha mwili kwa siku chache ndiyo sehemu nyepesi ya tiba. Sehemu nzito ni ile inayofuata: ushauri wa majuma mengi, kukutana na wenzake, na kujua ni saa ipi, mahali gani na rafiki yupi anayemrudisha chupani. Wengi huanguka tena. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulikuta kwamba kati ya 40 na 60 katika kila wagonjwa 100 hurudia, kiasi ambacho hakipishani sana na cha wagonjwa wa shinikizo la damu wanaoacha kufuata tiba yao. Hakuna amfukuzaye kazi mwenye shinikizo la damu kwa sababu presha imepanda tena.

Jeshi moja liliwahi kujaribiwa na jambo hili kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iligundua kwamba heroini ya bei rahisi ilikuwa imeenea miongoni mwa askari wake nchini Vietnam. Amri ikatolewa kwamba hakuna askari atakayepanda ndege ya kurudi kwao kabla mkojo wake kupimwa. Mtafiti Lee Robins kisha aliwafuatilia mamia ya waliorejea mwezi Septemba mwaka huo. Takriban 1 kati ya 5 alikuwa amekuwa mraibu huko vitani. Watu walitazamia balaa mijini. Badala yake, katika mwaka wa kwanza ni 5 tu katika kila 100 ya waraibu hao waliorudia uraibu, na hata baada ya miaka 3 hawakuzidi 12 katika 100. Wengi wao hawakupata tiba yoyote ya maana. Kilichobadilika ni mahali: bei, marafiki, hofu na uvivu wa kambini vyote vilibaki ng'ambo ya bahari.

Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa Kampala jinsi yalivyo. Askari wa Uganda aliyerudi kutoka Mogadishu, ambako majeshi ya nchi yamekuwa tangu mwaka 2007, haiachi pombe ng'ambo. Huikuta mlangoni mwa kambi, tena na mshahara uliolimbikizwa mfukoni. Isitoshe, utafiti uliofanywa mwaka 2006 katika makambi ya wakimbizi wa ndani ya Gulu na Amuru ulionyesha kwamba ulevi wenye madhara ulihusiana na wingi wa mambo ya kutisha ambayo mtu aliyapitia, na wanaume ndio walioathirika zaidi. Askari ameyapitia hayo hayo, naye amebeba bunduki. Kumwadhibu kwa kulewa zamuni ni haki ya sheria ya jeshi; kumnyang'anya silaha mpaka apone ni busara. Kumrudisha kutoka Butabika kwenye kitanda kile kile, karibu na kantini ile ile, ni kuharibu kazi ya madaktari.

Kwa zahanati ya kikosi kipo kipimo kisichohitaji mashine. Ni maswali 10 yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani baada ya utafiti katika nchi 6, Kenya ikiwa mojawapo, na kuchapishwa mwaka 1993. Huuliza mtu hunywa mara ngapi, kwa kiasi gani, kama huhitaji glasi asubuhi, na kama kuna aliyeumizwa kwa ajili ya kunywa kwake. Majibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 40. Alama 8 huonyesha hatari, na mazungumzo mafupi na mganga mara nyingi hutosha. Mwenye alama 20 au zaidi hupelekwa hospitali, wala haamriwi kuacha pombe siku hiyo hiyo.