Kioo Cheusi, Mashine Nzima

Mwaka 1991, hapa Chuo Kikuu cha Minnesota, ilizaliwa Gopher. Msomaji alichagua namba kwenye orodha, akafungua maandishi yaliyo kwenye kompyuta ya mbali. Kipanya cha nini? Kibodi ilitosha. Kumbuka hilo siku kompyuta ya zamani ya Linux itakapokuonyesha kioo cheusi, na tasnifu ya mtu imo ndani.

Usiitupe. Mara nyingi mashine ni nzima, ila imepewa maelezo mabaya ya kioo. Bonyeza Ctrl, Alt na F1 kwa pamoja. Maandishi yakitokea, nakili kazi yako kwanza, ukarabati utasubiri.

Kisha fungua faili ya XF86Config, katika /etc/X11. Mistari ya HorizSync na VertRefresh hueleza kasi ambayo kioo kinaimudu. Fuata kijitabu cha kioo chenyewe, usibahatishe, maana baadhi ya vile vioo vizito vya zamani huweza kuharibika vikilazimishwa. Huna kijitabu? Anza chini: nukta 640 kwa 480, mara 60 kwa sekunde. Picha itakuwa mbaya, lakini utaona.

Kipanya kikigoma, tazama plagi yake. Ya duara ni PS/2; zima mashine kabla ya kuichomeka. Ile pana ya matundu 9 kwa kawaida hutafutwa kwenye /dev/ttyS0. Na mshale ukirukaruka kama panzi, usinunue kipanya kingine: rekebisha mstari wa Protocol, uwashe upya.