Manyoya Meupe Mgongoni mwa Kihongwe

Ndugu msomaji, hapa kwetu Ngoliba punda hana haja ya kutambulishwa. Yeye ndiye mfereji wetu maji yanapokosekana, na yeye ndiye lori la kuni, mahindi na mchanga. Lakini je, umewahi kumtazama kwa makini? Juu ya manyoya yake ya kijivu utaona mabaka meupe: mabegani, kifuani na pale mgongoni mkanda unapopita. Wengine wana alama hizo hali wangali vihongwe. Ukiuliza sababu, utaambiwa ati ni mbegu yake, au ni uzee. Uzee gani wa miaka miwili?

Makala haya yanakusudia kueleza rangi ya ngozi na manyoya hutoka wapi, huharibika vipi kwa wanyama wachanga wa jamii ya farasi, na ni ipi kati ya hitilafu hizo tunayoweza kuizuia sisi wenyewe.

RANGI HUTOKA WAPI?

Rangi ya mnyama si kama rangi ya nyumba ambayo fundi huipaka kwa nje. Hutengenezwa ndani ya ngozi na seli maalum za rangi. Seli hizo hutoa kitu kiitwacho melanini na kukitia katika kila unyoya unapoota. Seli zikiwa hai, unyoya huota na rangi yake. Zikifa au zikikosekana, unyoya huota mweupe.

Mnyama akiwa bado tumboni mwa mamake, seli hizi huanzia sehemu ya uti wa mgongo, kisha husafiri taratibu mpaka kila pembe ya mwili. Zisipofika mahali fulani, mtoto huzaliwa na nyota nyeupe usoni au "soksi" nyeupe miguuni. Hiyo si kasoro, ni pambo tu. Vilevile kuna farasi wanaozaliwa weusi au wa kahawia, kisha wakageuka weupe mwaka baada ya mwaka. Mwenye farasi wa aina hiyo asishtuke, kwani ndivyo alivyoumbwa.

WALIOZALIWA NAYO

Hata hivyo, kuna hitilafu za kuzaliwa nazo. Mfano maarufu tunao papa hapa Kenya. Mnamo Septemba 2019, katika hifadhi ya Maasai Mara, mwongoza watalii aitwaye Antony Tira aliona kioja. Kitoto cha punda milia hakikuwa na milia! Kilikuwa cheusi, chenye madoadoa meupe mwili mzima. Mwanzoni alidhani kuna mtu aliyekipaka rangi. Kitoto hicho kikapewa jina lake, Tira, na picha zake zikazagaa duniani.

Wanasayansi walieleza kwamba seli za rangi za Tira zilikuwepo na zilifanya kazi. Kilichokwenda mrama ni mpangilio, yaani wapi pawe peusi na wapi pawe peupe. Basi ubaya uko wapi? Ubaya ni kwamba milia ina kazi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka huohuo wa 2019, farasi kule Uingereza walivishwa mavazi yenye milia, na nzi wanaouma walitua kwenye milia hiyo mara chache kuliko kwenye mavazi meusi au meupe. Punda milia asiye na milia huenda basi akasumbuliwa zaidi na nzi hao, na wengine wao hueneza magonjwa.

Kwa farasi kuna hitilafu nyingine mbaya zaidi. Mtoto huzaliwa mweupe pepe, anapendeza kama pamba, lakini hafiki mbali. Seli za rangi na mishipa ya fahamu ya matumbo hutokana na chimbuko moja. Mtoto huyo hurithi kasoro ileile kutoka kwa wazazi wote wawili, akakosa rangi na pia akakosa mishipa ya kusukuma chakula tumboni. Hufa baada ya siku chache. Tangu mwaka 1998 asili yake imejulikana, na wafugaji huweza kuwapima wazazi kabla ya kuwapandisha.

Hitilafu nyingine hupata hasa farasi wa Kiarabu wakiwa bado wadogo. Ngozi ya midomo na ya kuzunguka macho hupoteza rangi na kuwa ya waridi, mfano wa mbalanga kwa binadamu. Haimuumi wala haiambukizi. Lakini kumbuka kwamba melanini ni mwavuli wa ngozi. Mnyama mwenye ngozi ya waridi huunguzwa na jua upesi, na baada ya miaka mingi anaweza kupata saratani, hasa kando ya macho. Kivuli kwake si anasa.

WALIONYIMWA LISHE

Seli za rangi huhitaji madini ya shaba ili zitengeneze melanini. Jambo hili huonekana wazi zaidi kwa ndama. Ndama aliyekosa shaba hufifia rangi, mweusi akawa kama kutu, na manyoya ya kuzunguka macho yakapauka hata ukadhani amevaa miwani. Mfugaji akiona hivyo amwite daktari wa mifugo, asijinunulie dawa ovyo, maana shaba ikizidi ni sumu.

WALIOTIWA ALAMA NA BINADAMU

Sasa turudi kwa kihongwe wetu. Yeye hakuzaliwa na mabaka yale, wala hakunyimwa shaba. Mabaka hayo tumempa sisi!

Ushahidi ni huu. Miaka ya 1960 huko Marekani ilibuniwa njia ya kuwatia mifugo alama kwa chuma chenye baridi kali mno. Baridi ile huua seli za rangi bila kuua shina la unyoya, na manyoya yakiota tena huwa meupe. Ndiyo alama ya mwenyewe hiyo, haifutiki.

Kamba ya nailoni nayo hufanya kazi ileile, ila polepole na kwa maumivu. Inasugua na kubana mahali pamoja kila siku. Jasho na vumbi huingia, ngozi huchubuka, seli za rangi hufa. Kidonda kikipona, manyoya huota meupe daima. Kikisuguliwa tena na tena, hata shina la unyoya hufa, na hapo hubaki kipara. Kihongwe huumia zaidi kwa sababu mifupa yake haijakomaa, na mikanda anayofungwa ilikatwa kumtosha punda mzima.

Namna ya kutambua ni rahisi. Baka la kuzaliwa nalo huonekana tangu siku ya kwanza. Baka la kidonda huja baadaye, nalo hufuata njia ya mkanda, mara nyingi pande zote mbili. Ukisoma mgongo wa punda, umesoma tabia ya mwenyewe.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kihongwe asifungwe mkokoteni kabla ya kutimiza miaka 3. Pili, tuache kamba nyembamba na waya. Mkanda uwe mpana, na chini yake liwekwe blanketi kuukuu au kitambaa cha pamba, kisafi na kikavu. Tatu, kila jioni tupapase mabega na mgongo. Tukikuta joto, uvimbe au mchubuko, punda apumzike hadi apone kabisa. Tena Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inakataza kumtwisha mnyama kupita kiasi.

Najua kuna watakaosema, "Punda afe, mzigo ufike." Methali hiyo sote tunaikariri darasani. Lakini punda akifa leo, mzigo wa kesho utabebwa na nani? Punda akilala na kidonda, mama hujitwika mtungi mwenyewe, na mtoto wa kumsaidia hufika shuleni kengele imeshalia. Kumbe kidonda cha punda si cha punda peke yake.

Tira alizaliwa na madoadoa yake na hakuna aliyeweza kumzuilia. Mabaka ya punda wa Ngoliba yanazuilika, kwa kipande cha blanketi na subira ya miaka mitatu. Basi mwenzangu, ukirudi nyumbani likizo hii, anza na punda wa kwenu.