Je, Wajua? Uniti Moja ya Umeme Ina Uzito Gani

Zile tarakimu 20 za LUKU unazobonyeza kwenye mita hukuletea uniti, na uniti ikishaingia haina rangi wala harufu ya ilikotoka. Pasi ya wati 1,000 huimaliza moja kwa saa. Lakini je, wajua kwamba uniti hiyo hiyo ina nguvu ya kumnyanyua mtu wa kilo 60 kutoka ufukweni Tanga hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari? Mlima mzima, umeishia kwenye mashati.

Ukitaka kuitengeneza mwenyewe, panda baiskeli iliyofungwa dainamo. Mtu mwenye afya hutoa wati 100 hivi bila kuhema sana. Akikanyaga asubuhi hadi jioni, saa 10 kamili bila kupumzika, atakuwa amepata uniti moja. Chakula chake hujakihesabu.

Maji nayo hulipwa kwa urefu wa anguko. Pale Jinja, Uganda, bwawa lililofunguliwa mwaka 1954 huangusha maji ya Nile mita 20 tu, basi uniti moja hula lita 20,000 hivi: maboza mawili makubwa. Njoo Kihansi, kusini mwa Tanzania, ambako maji huporomoka mita 850 hivi ndani ya mwamba. Huko mapipa mawili na nusu yanatosha. Ni maji yale yale, tofauti iko kwenye mteremko.

Na Kihansi kuna kisa chake. Chini ya maporomoko, kwenye manyunyu yasiyokatika, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu anayezaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Eneo lake lote duniani lilikuwa kama hekta mbili. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, mradi ukiwa tayari unajengwa. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Marekani, na bondeni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji, mvua ya kubuni. Haikutosha, kwani ugonjwa wa ukungu uliwakuta waliobaki, na mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka uliofuata 100 wa kwanza walirudi Tanzania, safari hii wakiwa wazaliwa wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Sijui chura mwingine aliyewahi kusafiri kiasi hicho kwa sababu ya balbu zetu.

Je, wajua ni nani aliyetangulia Afrika kupata umeme wa jotoardhi? Wengi watajibu Kenya, kwa kuwa mvuke wa Olkaria, ulioanza kuzalisha mwaka 1981, leo unatoa zaidi ya uniti 4 katika kila 10 za nchi hiyo. Jibu ni Kongo. Mwaka 1952, Kiabukwa, Katanga, mtambo mdogo wa kilowati 200 hivi ulizungushwa na chemchemi ya maji ya nyuzi 91, maji ambayo kwa wapishi wa chai bado hayajachemka. Olkaria yenyewe huchimba visima vya hadi mita 3,000. Sifa ya mvuke ni kwamba haujui usiku. Kasoro yake ni hiyo hiyo: saa nane usiku, Wakenya wamelala, na visima bado vinafoka.

Upepo una hesabu katili. Kasi yake ikipungua nusu, umeme hupungua hadi sehemu moja ya nane. Ndiyo sababu mitambo 365 ikapelekwa mbali kote kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, ambako upepo hauna simile. Mmoja ukizunguka kwa nguvu zake zote hutoa uniti kila baada ya sekunde nne na ushee. Hata hivyo mitambo ilikamilika mwaka 2017 na kusubiri zaidi ya mwaka mzima, kwa kuwa waya wa kilomita 430 hivi kwenda Suswa ulikuwa haujafika.

Rwanda wanachota umeme ziwani bila bwawa. Maji ya chini kabisa ya Kivu yamebeba gesi ya methani. Yakivutwa kutoka mita 350 hivi, gesi hutoka yenyewe kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa, kisha huchomwa kwenye injini za megawati 26. Hapa umeme unapunguza hatari badala ya kuiongeza, maana gesi ikibaki na kulipuka siku moja, wanaoishi kando ya ziwa ndio watakaoivuta.

Makaa ya mawe ni nusu kilo kwa uniti, na dizeli ya jenereta ni theluthi ya lita hivi. Kidonge cha urani cha gramu 7 kina nguvu ya karibu tani nzima ya makaa.

Na jua? Paneli ya mita moja ya mraba, katika nchi zetu, huleta takriban uniti moja kwa siku. Ila paneli hupenda mwanga na kuchukia joto: juu ya nyuzi 25, kila nyuzi huiibia karibu asilimia 0.4. Kwenye bati la mchana, paneli ikifika nyuzi 65, umepoteza kama sehemu moja ya sita. Ukimwona fundi anaacha nafasi kati ya paneli na bati, usimwambie anapoteza vyuma.