Mkono ukiinuliwa Obunga, mbwa huona nini?

Rafiki yangu wa mtaa wa Obunga hukaanga mgongo wazi. Kwa asiyeijua biashara hii ya Kisumu, mgongo wazi ni mifupa ya samaki aitwaye mbuta inayobaki viwandani minofu ikishakatwa: kichwa, mkia, na nyama kidogo iliyong'ang'ania kwenye uti wa mgongo. Huanikwa juani, hutumbukizwa kwenye mafuta yanayochemka, na jioni wanunuzi husongamana. Mzigo huo ndio karo ya watoto wake. Uliibwa mara mbili usiku, akanunua mbwa, chotara wa mbwa wa polisi na mbwa wa kienyeji. Mwezi uliopita akamwajiri na mkufunzi wa mbwa, akampa stoo awe akilala humo.

Simlaumu kwa kutaka ulinzi. Tangu adhuhuri hadi usiku yuko motoni, hana saa ya kumfundisha mbwa. Shaka yangu ni juu ya mtu aliyemchagua.

Kijana mwenyewe ni mpole wa maneno. Sifa zake zote ziko kwenye simu, video ya mbwa aking'ata gunia. Nilimuuliza kama ameona cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Akasema hajakiuliza. Wiki tatu anaishi na mnyama wa meno makali katika ploti yenye watoto, na swali hilo hajalifikiria! Karibu vifo vyote vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa huanzia kwa mbwa, na dalili zikishatokea tiba karibu haipo. Ndiyo maana mtu aking'atwa huosha jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha huenda hospitali siku hiyohiyo.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni kingine. Mbwa alikuwa amejinyoosha kivulini kando ya karai. Mlango wa stoo ulipolia tu, kabla kijana hajatokea, aliinuka, akafyata mkia, akalaza masikio, akapiga miayo mara mbili huku akijiramba pua. Kijana alipoinua mkono, mbwa akalala chali na mkojo ukamtoka.

"Unaona, nyamera?" rafiki yangu akaniambia kwa fahari, akiniita dada kwa Kijaluo. "Wiki tatu tu, ana adabu kuliko watoto wangu."

Hiyo si adabu. Mbwa anayepiga miayo hivyo, mkia ameufyata na masikio ameyalaza, hana usingizi, ana hofu. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepewa Nobeli mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, ndiye aliyeonyesha kwamba mbwa hudondokwa na mate kwa ishara tu kuwa chakula kinakuja. Maumivu nayo hufundishika vivyo hivyo. Mbwa huyu amefundishwa kuwa mkono ulioinuliwa ni kiboko. Sasa hesabu mikono inayoinuliwa Obunga kwa siku moja: mama anayegeuza samaki kwa mwiko mrefu, mteja anayenyoosha noti, mtoto anayefukuza nzi kwenye beseni. Mbele ya mkufunzi mbwa analala chali kwa kuwa anamwogopa. Mtoto wa miaka minne, mbwa hamwogopi; anaweza kumng'ata.

Kijana hujitetea kwamba lazima mbwa ajue nani ni kiongozi, kama mbwa mwitu porini. Fikra hiyo ilienezwa sana na kitabu cha mtafiti wa mbwa mwitu David Mech cha mwaka 1970, na Mech mwenyewe akaja kuikosoa mwaka 1999: kundi la mbwa mwitu porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, si uwanja wa ubabe. Mwaka 2021 chama cha Marekani cha madaktari wa tabia za wanyama kilishauri mbwa wafundishwe kwa zawadi, si kwa kipigo.

Na sheria ipo. Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumnyima chakula au kumfunga kwa mnyororo mfupi kupita kiasi. Haimwachi nje mwenye mnyama anayeruhusu hayo yatendeke. Kijana akishtakiwa, rafiki yangu atakuwa naye.

Kuna jambo jingine ambalo halijamjia rafiki yangu akilini. Siku moja kijana atafungasha vitu vyake aondoke. Mbwa atabaki, na amri anazozijua ni za mtu asiyekuwepo. Mkufunzi wa kweli humfundisha mwenye mbwa kwanza, humwekea kamba mkononi na kumsahihisha hadi aweze.

Nyamera, najua utaisoma hii. Mlipe kijana siku zake zote bila kupunguza hata shilingi, kisha stoo irudi kuwa stoo. Mpeleke mbwa akachanjwe. Halafu kila asubuhi, kabla hujawasha moto, mwite kwa jina, na akija mpe kipande cha samaki kisicho na mfupa. Dakika kumi zinatosha. Nitakuja kukushikia karai.