Mwepu alijua: kadi mbili za mwaka 1974

Wakati wa mechi kubwa, mu nganda za Kamalondo, Kenya na Katuba, watu wanagombana na watu wawili ambao hawawasikii: mwamuzi mwenye filimbi na mtangazaji wa televisheni. Wa kwanza ametunyima penalti, wa pili hawezi hata kutamka majina ya wachezaji wetu. Mechi ikiisha vibaya, kijana mmoja anatoa telefone na kuonyesha ile video ya zamani. Wachezaji wa Zaire, nguo za kijani, wamejipanga ukutani. Wabrazili wanajitayarisha kupiga mpira wa adhabu. Filimbi inalia. Na mmoja wetu anachomoka mbio, anaupiga mpira kabla ya Wabrazili, unaenda mbali kabisa. Bote banaseka. "Angalia ule mutu, hajue mupira!"

Ule mutu ni mtoto wa Mazembe. Jina lake Mwepu Ilunga, beki wa kuume, namba 2 mgongoni. Alikufa tarehe 8 Mei 2015, na magazeti ya Ulaya yaliyotangaza kifo chake yalikumbuka kwanza lile teke.

Sisi tunarudi kwake kwa sababu nyingine. Katika Kombe la Dunia la 1974, kule Ujerumani, Leopards walipewa kadi mbili ambazo hadithi yake haijanyooshwa mpaka leo. Ya kwanza alipewa mtu asiye na kosa. Ya pili alipewa mwenye kosa, lakini mtangazaji akaambia dunia nzima sababu ambayo haikuwa sababu. Na zote mbili zinamuhusu huyu huyu Mwepu.

Tuanze na ya kwanza, maana haiko na video ya kuchekesha na watu wengi wameisahau.

Wazee wanakumbuka vile mwaka ule ulianza. Mwezi wa 3 Leopards walichukua Kombe la Afrika kule Misri. Fainali ilikuwa na majirani wetu wa Zambia: mara ya kwanza 2-2, ikabidi kurudia, tukashinda 2-0. Mabao yote manne alifunga mtu mmoja, Mulamba Ndaye wa Vita Club. Katika mashindano yote alifunga 9, na mpaka leo hakuna mchezaji aliyefunga mengi kama yale katika Kombe la Afrika moja. Zaire ilikuwa inakwenda Kombe la Dunia, ekipe ya kwanza ya Afrika nyeusi kufika kule. Mobutu aliahidi nyumba na gari kwa kila mchezaji. Hata shaba ilikuwa upande wetu: mwezi wa 4 bei yake ilipanda sana kule London, kabla ya kuanguka katika miezi iliyofuata. Gécamines ilikuwa inalipa, posho inatoka. Nani angefikiri kama wachezaji wa nchi ile wangekosa mushahara?

Tarehe 14 Juni, Dortmund, tulifungwa na Scotland 2-0. Haikuwa haya, watu walicheza vizuri. Lakini baada ya mechi ile wachezaji walipata habari kwamba prime yao haitatoka. Feza ilikuwa imetoka Kinshasa, njiani ikapotelea mikononi mwa wakubwa waliosafiri na ekipe. Wachezaji wakasema hatuchezi tena. Wakabembelezwa, wakasukumwa, na siku nne baadaye wakaingia uwanjani Gelsenkirchen kucheza na Yugoslavia. Miguu iliingia, roho ilibaki hoteli.

Dakika ya 18 ilikuwa tayari 3-0. Kipa Kazadi Mwamba, naye wa Mazembe, akatolewa, akaingia Tubilandu Dimbi, mtu mfupi sana kwa kazi ile. Mpira wa kwanza karibu kuugusa aliuokota ndani ya nyavu. Dakika ya 22, bao la nne.

Hapo njo mambo yalianza. Wachezaji wetu wakamzunguka mwamuzi, Omar Delgado wa Colombia, wakilia kwamba mfungaji alikuwa ameotea. Katika fujo ile mguu ukatoka nyuma na kumpiga mwamuzi matakoni. Delgado akageuka, akatoa kadi nyekundu, akamwonyesha Mulamba Ndaye.

Mguu haukuwa wa Mulamba. Ulikuwa wa Mwepu. Mwenyewe hakuficha: Mulamba alisimulia kwamba Mwepu alimwambia mwamuzi pale pale ni mimi, na mwamuzi hakutaka kusikia. Mwenye mabao 9 ya Misri akatoka, mwenye teke akabaki ndani. Leopards wakacheza zaidi ya saa moja wakiwa kumi. Mwisho ulikuwa 9-0, na namba ile njo ilibaki mu vichwa vya watu.

Fikiri kidogo. Mmoja ni beki, mwingine ni mshambuliaji. Mmoja ana namba 2, mwingine ana 13. Hata mtu aliyekuja uwanjani mara ya kwanza angeweza kuhesabu. Mulamba alisema miaka mingi kwamba mwamuzi hakuweza kuwatofautisha kwa sababu hakujaribu: kwake, mweusi ni mweusi. Wengine watasema mwamuzi aligeuka kwa hasira na kumshika wa karibu. Inawezekana. Lakini tarehe 22 Machi 2014 kule London, Chelsea na Arsenal, mchezaji wa Arsenal Alex Oxlade-Chamberlain alizuia mpira kwa mkono, na mwamuzi Andre Marriner akamtoa Kieran Gibbs. Oxlade-Chamberlain naye alimwambia ni mimi, naye hakusikilizwa. Wote wawili ni weusi. Miaka 40 ilikuwa imepita, kamera zilikuwa zimejaa kila pembe. Tofauti ni kwamba kule Uingereza shirikisho lilikubali kosa na Gibbs hakufungiwa hata mechi moja.

Leo kuna VAR. Vijana wengi wanafikiri VAR ni ya kuotea na penalti tu, lakini sheria inasema inaingilia mambo manne: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na la nne, mwamuzi akimpa kadi mtu asiye mwenyewe. Hili la nne wanalisahau hata watangazaji. Lingekuwapo 1974, Mulamba angebaki uwanjani. Hatusemi tungeshinda. Kwa roho iliyovunjika na kipa aliyebadilishwa dakika ya 21, tungefungwa tu. Lakini si 9, na jina la Mulamba lingebaki safi. Mu hesabu za FIFA kadi ile iko kwa jina lake mpaka leo.

Sasa ya pili, ile ya video.

Tarehe 22 Juni, pale pale Gelsenkirchen, tulicheza na Brazil. Baada ya zile 9, wachezaji walisimulia kwamba watu wa Mobutu walikuja hotelini na kuwapa hesabu: mukifungwa mabao manne, musirudi nyumbani. Brazil nayo ilikuwa na hesabu yake. Ilikuwa imetoka 0-0 mara mbili, na ili ipite mbele ya Scotland ilihitaji kutufunga matatu. Tatu kwao ni kupita, nne kwetu ni hatari. Bao la tatu liliingia dakika ya 79. Mabao yakasimama pale, Brazil ikapita, Scotland ikarudi nyumbani bila kufungwa hata mechi moja.

Ni katika mechi hiyo ndipo mwamuzi Nicolae Rainea wa Romania alipowapa Wabrazili mpira wa adhabu karibu na boksi letu. Rivelino, mguu wa kushoto unaojulikana dunia nzima, alikuwa pale. Mwepu hakungoja. Alitoka ukutani akapiga mpira.

Rainea alimwonyesha kadi ya njano. Tuseme ukweli: mwamuzi huyu alifanya kazi yake. Ukuta unatakiwa kukaa mita 9.15 mpaka wapinzani wapige, ukitoka mbele unapata njano. Hakuna wa kumlaumu. Kosa safari hii lilitoka kwa mtu mwingine, aliyekaa juu na mikrofoni. John Motson wa BBC aliwaambia watazamaji wake kwamba ile ilikuwa dakika ya ajabu ya ujinga wa Kiafrika.

Ujinga! Mwepu alikuwa beki wa Mazembe na wa ekipe iliyotoka kuchukua Kombe la Afrika miezi mitatu mbele. Mipira ya adhabu aliisimamia Dimanche kwa Dimanche. Hata batoto ba Katuba benye kupiga mupira wa makaratasi banajua kama ukuta hautoki. Mtu wa namna hii anasahau sheria siku moja, mbele ya Brazil?

Miaka ya baadaye Mwepu alieleza mwenyewe, na alieleza zaidi ya mara moja. Mara alisema alifanya kwa makusudi, alijua sheria vizuri, alitaka atolewe kwa kadi nyekundu, kwa sababu hakuona faida ya kuendelea kuumia uwanjani wakati wenye kula feza yake wamekaa juu wanaangalia. Alishangaa kupewa njano tu. Mara nyingine alikazia ile hofu ya bao la nne, kwamba alitaka kupoteza wakati. Kuna wanaosema maelezo mawili ni dalili ya uongo. Mimi sioni hivyo. Mtu anaweza kunyimwa mushahara na kutishwa siku moja hiyo hiyo, na sidhani kama nina haja ya kuwaeleza hilo wasomaji wa Kipushi au wa Likasi. Wale waliosaini kuondoka Gécamines mu 2003 na 2004 wanajua vile feza inaahidiwa na vile inafika.

Mfanyakazi asipolipwa, anaweka chini nyundo. Mchezaji hana nyundo ya kuweka chini, na wamemwambia asipocheza ataona. Mwepu alichokuwa nacho ni mguu. Ukiangalia video ukiwa unajua haya, hauone tena mtu anayechekesha. Unaona mtu ameingia mgomo peke yake mbele ya kamera za dunia, na hakuna hata moja iliyoelewa.

Motson alikufa mwaka 2023, na Waingereza walimpenda sana kwa kazi yake ndefu. Hatusemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mu kibanda chake, habari ya prime hakuwa nayo, habari ya vitisho hakuwa nayo. Lakini palikuwa neno jepesi la kusema: sijui kwa nini amefanya vile. Hakulisema. Alijaza nafasi na neno lililokuwa tayari mdomoni, na kwa kuwa mikrofoni ni yake, neno likawa habari. Kadi ya njano ya Rainea ilikwisha siku ile ile. Neno la mtangazaji limechezwa miaka hamsini, na leo tunalirudia sisi wenyewe mu nganda, tena bure.

Na Mulamba? Alirudi na kadi isiyo yake. Nyumba na gari Mobutu hakuzikumbuka sana tena, Leopards walikuwa wamemuaibisha. Mwaka 1994 Mulamba aliitwa Tunisia kuheshimiwa kwenye Kombe la Afrika. Aliporudi nyumbani majambazi wakamvamia na kumpiga risasi, mguu ukaharibika. Akakimbilia Afrika ya Kusini, akafanya kazi ya kulinda magari ya watu kwenye parking. Mwaka 1998, kule Burkina Faso, wakati wa Kombe la Afrika, uwanja mzima ulisimama dakika moja ya kimya kwa ajili yake. Habari ilikuwa imefika kwamba amekufa mu mgodi wa almasi kule Angola. Miaka ile wengi wetu walikuwa Lunda wanachimba na wengine hawakurudi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mara mbili. Mulamba alikuwa mzima. Alikufa kweli tarehe 26 Januari 2019, Johannesburg. Hata katika kifo walianza kwa kumchanganya na mtu mwingine.

Tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali kule Abidjan na Côte d'Ivoire, tulilia tena na mwamuzi: bao la Bakambu lilikataliwa mapema kwa sababu mpira ulikuwa mikononi mwa kipa. Tulipoangalia tena polepole, mwamuzi alikuwa na haki, ingawa siku ile hauwezi kumwambia mutu wa Kamalondo neno kama hilo. Haller akatufunga, 1-0. Lakini mbele ya mechi, wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na mwingine wakauweka kama bunduki kwenye kichwa, kwa ajili ya watu wanaouawa Mashariki na dunia iliyonyamaza. Picha ilifika kila mahali. Mbele ya siku ile wachezaji walikuwa wameshasema na kuandika maana yake, kwa hiyo watangazaji walipofungua mdomo walikuwa na kitu kimoja tu cha kurudia.