Picha Moja kwa Wiki: Asili ya Ada ya Kuonyeshana Maisha ya Kila Siku

Atakayefunua albamu ya jamaa wa Pwani iliyokusanywa kabla ya simu za mkononi kuenea, aghalabu ataiona dunia ya watu waliovaa vizuri: bwana arusi na kilemba chake, watoto wa Idi wenye viatu vinavyong'aa, binti aliyesimama kando ya meza yenye chombo cha maua ya plastiki, na nyuma yao pazia lililochorwa minazi na bahari, ilhali minazi ya kweli na bahari ya kweli zilikuwa hatua chache nje ya mlango wa studio. Hataliona jiko. Hatamwona mama akikuna nazi, wala kijana akila kiporo asubuhi kabla ya kwenda shule, wala foleni ya ndoo bombani. Wala si kwamba wazee wetu waliyaonea haya maisha yao. Ilikuwa gharama tu, kwani filamu ilinunuliwa, ikasafishwa kwa fedha, na kila nakala ikalipiwa peke yake, na mtu mwenye uwezo wa picha mbili kwa mwaka halaumiwi kwa kutoitumia moja juu ya sufuria.

Nayatanguliza haya kwa kuwa wasomaji kadhaa wameuliza ada hii imetoka wapi, ya watu wazima wenye kazi na majukumu kupeleka kila wiki picha moja ya jambo la kawaida kabisa kwa kundi la wapiga picha wasiojuana kwa sura, wengine wako Ulaya, wengine Ghuba, wengine nyumbani. Jibu fupi ni kwamba intaneti na simu zimeipa upesi na urahisi tu; ada yenyewe ina umri mkubwa, na nguzo yake ni kuwapo kwa mtu anayeingoja picha yako. Jibu refu ndilo hili.

Studio zetu zilikuwa na utukufu wao, na sitaki nieleweke kuwa nazidharau. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, akapiga picha za kasri ya Sultani na za raia wa mji kwa taadhima ile ile, na mwanawe Rohit akairithi kazi. Mombasa palikuwa na studio ya Parekh, ambamo vijana waliingia wakiwa makuli na makarani wakatoka katika karatasi wakiwa mastaa wa sinema. Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, fundi aliyejifunza mwenyewe, ambaye hakutosheka na alichokiona katika lenzi, bali alikata na kuunganisha picha mpaka akapata mambo ambayo jicho halikuyaona popote. Watu hawa walikuwa wakiuza ndoto, na ndoto hiyo ilisafiri, kwa maana picha nyingi zilitiwa katika bahasha zikaenda Maskati, Dubai, Nairobi na London, nyuma zimeandikwa salamu kwa herufi za Kiarabu au za Kirumi, tarehe, na ombi la kutosahauliwa. Kwa hiyo picha kwetu tangu hapo ilikuwa barua. Ila ilikuwa barua iliyoandikwa mara chache mno, na daima kwa mwandiko wa sherehe.

Urahisi wa kupiga picha za mambo madogo ulianzia mbali na kwetu. George Eastman wa Rochester, Marekani, alitoa mwaka 1888 kamera ya Kodak kwa bei ya dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake, ambayo mwenyewe akiimaliza aliipeleka kamera nzima kiwandani pamoja na dola 10, akarudishiwa picha zilizosafishwa na kamera iliyotiwa filamu mpya. Na mwaka 1900 ikaja ile ndogo iitwayo Brownie, iliyouzwa dola moja. Hapo ndipo mbwa wa nyumbani, bustani, na shangazi aliyesinzia kitini walipopata nafasi katika historia.

Lakini mtu mwenye kamera rahisi na asiye na wa kumwonyesha huchoka upesi. Nchini Uingereza na Marekani wapiga picha wa ridhaa waliitatua shida hiyo kwa kuunda duru za posta: mfuko wenye picha za wanachama ulisafiri nyumba hadi nyumba pamoja na daftari, na kila aliyeupokea alizitazama picha za wenziwe, akaandika maoni yake waziwazi, akaitoa yake iliyokwisha kuzunguka, akatia mpya, akaupeleka kwa anayefuata katika orodha. Mmoja akichelewa, wote walichelewa. Nadhani yeyote aliyepata kuingia katika kundi la picha za kila wiki ataitambua hapo desturi yake yote, isipokuwa stempu.

Mtu ambaye habari zake zimenishughulisha kuliko wote, hata hivyo, hakuwa na kundi. Jamie Livingston alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Bard, katika jimbo la New York, alipoanza tarehe 31 Machi 1979 kupiga kwa kamera ya Polaroid, ile inayotoa picha papo hapo, picha moja kwa siku. Ukizifuata taratibu utaona marafiki mezani, mitaa ya New York, vyakula, runinga, pembe za vyumba ambavyo havikuwa na lolote la ajabu, na siku nyingi utajiuliza kwa nini alichagua kitu hiki na siyo kile. Kisha, katika mwaka 1997, picha zinabadilika pasipo mwenyewe kusema neno: hospitali, kichwa chenye mshono, kitanda; halafu harusi, iliyofungwa wiki chache kabla ya mauti; na mwisho tarehe 25 Oktoba, siku aliyotimiza miaka 41, ndiyo siku aliyofariki. Marafiki zake walizikusanya, zaidi ya 6,000, wakaziweka katika maonyesho chuoni Bard mwaka 2007 na kuzipandisha kwenye intaneti, ambako watu wasiomjua walizitazama kwa wingi na kulia. Hakuna picha moja katika zile ambayo ingeshinda tuzo. Nguvu yake yote imo katika mfuatano, na mfuatano haupatikani ila kwa mtu anayepiga hata siku ambayo hana hamu.

Kuna mkondo mwingine, nao una funzo la tahadhari. Mwaka 1937 Charles Madge, Humphrey Jennings na Tom Harrisson waliunda hapa Uingereza jumuiya iitwayo Mass-Observation, kwa nia ya kuyachunguza maisha ya Waingereza wa kawaida kama wataalamu walivyozoea kuwachunguza watu wa visiwa vya mbali, wakampeleka Humphrey Spender katika mji wa viwanda wa Bolton awapige picha watu vilabuni, njiani na makazini. Spender alificha kamera ndani ya koti. Picha zake ni za thamani kubwa leo, lakini mwenyewe alieleza baadaye kuwa kazi ile ilimkera moyoni, maana alijihisi mgeni wa tabaka jingine anayewapeleleza watu maskini. Mimi naona hapo ndipo ilipo tofauti ya kimsingi: jiko ni lile lile, lakini kamera ya Spender ilikuwa mkononi mwa aliyekuja kutazama, na ya wiki hizi zetu imo mkononi mwa mwenye jiko.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi, nami nitayapita kwa haraka. Tovuti ya picha ya Flickr ilifunguliwa Februari 2004 mjini Vancouver, Kanada, na watu waliokuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta walipoona sehemu ya kubadilishana picha inawavutia watumiaji kuliko mchezo wenyewe. Makundi yalizaliwa humo kwa wingi, yakiwamo ya picha moja kwa siku kwa mwaka mzima, na kwa kuwa wengi walishindwa kabla ya mwaka kwisha, yakatokea ya picha moja kwa wiki, yaani 52. Juma ndicho kipimo kinachomfaa mfanyakazi. Mwenye zamu za usiku ghalani au wodini hana picha ya kila siku, lakini kati ya Ijumaa na Ijumaa hakosi mwanga mmoja wa kumsimamisha.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mwanzo wa wiki hutangazwa mada, labda kivuli, labda mkono, labda kungoja. Mwisho wa wiki kila mtu awe amekwisha kupakia picha moja tu, iliyopigwa ndani ya wiki hiyo hiyo, kwani kuchomoa ya mwaka juzi ni kuwahadaa wenzako. Sharti la picha moja ndilo gumu, kwa sababu linamlazimisha mtu kuchagua, na kuchagua ndiyo nusu ya sanaa hii. Kisha yaja maoni. Maneno kama "picha nzuri sana" ni adabu tu, hayamfundishi mtu. Nilipata kupeleka picha ya kikombe cha chai ya rangi kwenye ukingo wa dirisha, na nyuma yake paa za jirani zilizolowa mvua, na mwenzetu mmoja akaniandikia: "Ndugu yangu, ungesogea hatua moja kushoto, lile bomba la jirani lisingeota juu ya kikombe chako." Tangu siku hiyo hukagua kwanza kilichoko nyuma, ndipo nitazame kilichoko mbele.

Kwa sisi tulioko ughaibuni ada hii ina kazi nyingine ambayo waanzilishi wake hawakuidhamiria. Watu wetu waliotangulia huku walipeleka nyumbani picha zilizopigwa kando ya magari yasiyo yao, na koti jipya, na theluji iliyopatikana siku mbili kwa mwaka, hata jamaa wakadhani huku fedha huokotwa. Na sote twajua maombi yaliyofuatia. Picha za kila wiki haziwezi kuudumisha uwongo huo. Mtu atadanganya mara nne au tano, lakini kufikia wiki ya ishirini kituo cha basi alfajiri kitajitokeza, na nguo zilizoanikwa sebuleni, na bakuli la chakula cha zamu. Mama yangu mdogo, aliyeko Mombasa na anayezipata picha zangu kwa WhatsApp, aliniuliza: "Mwanangu, huko Ulaya hakuna majumba? Kila wiki viatu vya mvua na sufuria!" Nikamwambia, "Yapo, mama, ila siyo tunayokaa sisi." Alicheka, na tangu hapo mazungumzo yetu ya simu yamekuwa ya kweli zaidi.

Kadhalika Afrika yenyewe imepata kitu. Mwaka 2012 Wamarekani wawili, mpiga picha Peter DiCampo na mwandishi Austin Merrill, walikuwa Kodivaa kuandika habari za athari za vita vya baada ya uchaguzi, wakaona kwamba picha walizotumwa kuzitafuta hazifanani na siku walizokuwa wakizipitisha, wakaanza kupiga kwa simu zao mambo madogo yaliyowazunguka. Ndiyo asili ya Everyday Africa, ambayo wapiga picha wa nchi nyingi za bara letu waliingia wakaijaza kwenye Instagram, na mfano wake ukaigwa katika mabara mengine. Wapo wanaonung'unika kuwa hata ukawaida wetu umegunduliwa na wageni. Nung'uniko lina haki yake, lakini halinizuii kuzitazama picha za Waafrika wenyewe zilizomo, ambazo ni nyingi na bora.

Limebaki suala la sitara, nalo kwa mtu wa Pwani ni zito kuliko yote. Maisha ya kila siku yamo ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba zetu wamo watu waliovua ushungi, wazee waliolala kitandani, watoto wasio na uwezo wa kukubali wala kukataa. Mgeni anayetaka kuingia humo hubisha hodi, ilhali picha iliyopakiwa huwafungulia mlango watu elfu wasiobisha. Wenzetu wa dini na desturi zetu wamelipatia jambo hili ufumbuzi wa kupendeza, ambao ni kupiga alama za watu badala ya nyuso zao: mikono inayosukuma chapati, kanga mbili kambani, viatu vilivyorundikana mlangoni siku ya hitima, sinia lililoliwa likabaki na mifupa ya samaki. Picha hizo zina watu tele. Anayetaka uso na aombe ruhusa, na aliyeruhusu jana akikataa leo, picha iondolewe bila mjadala. Tena ajue kwamba faili la picha ya simu hubeba ndani yake tarehe na saa, na kama huduma ya mahali imewashwa, hubeba pia mahali penyewe. Kwa hiyo picha ya kanga kambani huenda ikamwelekeza mtu baki mpaka uani. Programu nyingine huzifuta habari hizo wakati wa kupakia, nyingine haziziondoi, na salama ni kuzima huduma ya mahali katika mipangilio ya kamera kabla ya kupiga.

La mwisho ni hifadhi, ambalo makundi mengi hulikumbuka likiwa limekwisha kuharibika. Flickr ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2005, na mwaka 2018 ikauzwa kwa SmugMug, na mwaka huo huo wasiolipa wakatangaziwa kikomo cha picha 1,000. Blipfoto ya Scotland, iliyojengwa juu ya sharti la picha moja kwa siku, ilifilisika mwaka 2015, na ingalitoweka na shajara zote zilizokuwamo laiti wanachama wenyewe wasingalichanga fedha na kuinunua. Duru ikaishi kuliko kampuni. Si kila kundi litakuwa na wanachama wa namna hiyo. Mimi nakala zangu nazitunza katika diski mbili, moja hapa na moja kwa dada yangu Mombasa, na kila mwaka ukiisha hupeleka chache dukani zitolewe kwenye karatasi, kisha nyuma yake naandika kwa penseli laini tarehe, mtaa, na majina ya waliokuwapo, hata wale ambao katika picha hawaonekani ila viatu.